Nyumba Ilivyofika Muthurwa

Neno nyumba ni kuukuu kuliko jengo lolote tunalolijua Kenya na Tanzania. Watu wa Shanga, kisiwani Pate, walijenga msikiti wao wa kwanza karne ya 8, wa miti na udongo. Mawe ya mji wa Gede yalipangwa baadaye. Kufikia hapo neno lilikuwa limekwisha kupita vinywani mwa vizazi na vizazi, kutoka nyanda za mpaka wa Nigeria na Kameruni hadi ukingo wa Bahari ya Hindi. Mimi nililifundisha Makadara hadi nikastaafu: ngeli ya I-ZI, nyumba hii, nyumba hizi. Sasa nalifuata nyuma lilikotoka. Mitaa yetu ya Eastlands, Nairobi, inavunjwa na kujengwa upya, watu wanagombania nyumba kila uchao, na nataka anayegombania ajue neno hilo limebeba nini.

Mwalimu wa Kiswahili Eastlands hana haja ya kwenda mbali kutafuta lugha. Kwenye dawati moja wanakaa Mkamba, Mgusii na Mluo. Nilikuwa nikiwaambia watoto waende kwa shosho zao, kila mmoja arudi na neno la nyumba kama linavyosemwa kwao. Mkamba alirudi na nyũmba. Mkikuyu akaja na nyũmba hiyo hiyo, wakaanza kuvutana ni nani aliyelichukua kwa mwenzake. Mgusii alisema enyomba. Binti wa fundi cherehani wa Kariokor, ambaye kwao ni Uganda, alisema ennyumba. Mdigo na Mtaita hawakuwa na la kuongeza, maana kwao ni nyumba vile vile. Kisha wakaja wengine waliosikika tofauti kidogo: Mbukusu na enju yake, na mtoto wa wazazi waliotoka Rwanda na inzu. Mluo akasema ot. Mborana akasema mana. Hapo darasa likanyamaza, kwa sababu hata mtoto wa miaka kumi aliona kwamba hayo mawili si ya ukoo huo.

Hivyo ndivyo wataalamu nao walivyoanza. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai nyuma ya Mombasa, alichapisha mwaka 1850 orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili, Kimijikenda, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo, zikiwa zimepangwa safu kwa safu. Tano kati yake zilivutana zenyewe. Ya sita, Kioromo, ilisimama kando. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, huko Afrika Kusini, alianza kuchapa sarufi linganishi iliyozipa lugha hizo jina la Kibantu. Mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, Carl Meinhof alitoa Ujerumani kitabu cha sauti za lugha hizi, akijaribu kurejesha lugha mama ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kati ya 1967 na 1971 Malcolm Guthrie alikusanya ulinganisho wa lugha za Kibantu katika majuzuu manne. Neno linaporejeshwa namna hiyo huwekewa kinyota mbele, ishara kwamba hakuna aliyelisikia wala kulisoma popote. Limefikiwa kwa hesabu.

Hesabu hiyo ni nzuri, na inastahili kuonyeshwa. Chukua njia na njaa. Kinyarwanda husema inzira na inzara. Kizulu husema indlela na indlala. Palipo na nj yetu, Mnyarwanda ana nz na Mzulu ana ndl, na mpango huo haukuwekwa na mtu, umejiweka wenyewe kwa maelfu ya miaka. Sasa tazama nyumba: Mnyarwanda husema inzu, Mzulu husema indlu. Zinalingana sawasawa na njia na njaa. Kwa mpango huo Kiswahili kingetarajiwa kuwa na neno kama nju. Mbukusu analo hadi leo, enju. Mhaya na Mnyankole vile vile. Msotho ana ntlo, Mkongo wa kule magharibi ana nzo, Mherero wa Namibia ana ondjuwo. Yote ni matawi ya shina fupi ambalo kwa herufi za kawaida naliandika *-ju.

Sisi tulirithi umbo refu zaidi, ndugu wa hilo, *-jumba. Tulilirithi pamoja na Wakikuyu, Wakamba, Wagusii, Waganda, Wasukuma wasemao numba, Wachewa wa Malawi na Wakomoro. Na hapa kuna jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolirudia. Weka n mbele ya jumba upate njumba, kisha sikiliza: kuna sauti ya puani mwanzoni, n, na nyingine mbele yake, mb. Katika lugha kadhaa za huku, sauti mbili za namna hiyo zikikaribiana, ya kwanza humeza konsonanti iliyo jirani yake. Nj ikageuka ny. Kwa kanuni hiyo hiyo tunasema ng'ombe, si ngombe. Kanuni hiyo imepewa jina la Meinhof. Ndiyo sababu lugha nyingi zenye mb katika neno hili zina ny au n mwanzoni, nyumba, enyomba, ennyumba, numba, na nyingi zisizo na mb zimebaki na nj, nz, ndl au ntl. Mtoto akishaiona hiyo haniulizi tena nani aliiba kwa nani. Mkamba na Mkikuyu walipewa na bibi mmoja.

Kuna dhana moja niliyoisikia mara nyingi, kanisani na msikitini pia, kwamba nyumba imetokana na kuumba, maana Mungu ni Muumba na nyumba ni kitu kilichoumbwa. Inasikika vizuri, na Mkikuyu ataongeza ushahidi wake: taifa lao hujiita nyũmba ya Mũmbi, na Mũmbi ni yule anayefinyanga, mama wa kwanza. Lakini peleka maneno hayo Uganda. Mganda afinyangaye chungu husema kubumba, na mfinyanzi ni omubumbi. Ile b ya kale, ambayo Kiswahili na Kikuyu zimeidondosha, yeye ameishika. Kama nyumba ingetokana na kubumba, Mganda angekuwa na b hiyo ndani ya ennyumba yake. Hana. Mzulu naye husema bumba kwa kufinyanga, na indlu kwa nyumba, na hayo mawili hayakaribiani hata kidogo. Nyũmba na Mũmbi ni maneno mawili yaliyokutana njiani baada ya safari ndefu, yakafanana sura.

Lilitoka wapi? Wasomi wengi huiweka lugha mama ya Kibantu pale Nigeria inapopakana na Kameruni, miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Kutoka huko wasemaji walienea polepole, kusini kupitia msitu na mashariki kuelekea maziwa makuu. Mojawapo ya alama zao za mapema upande wetu ni vyungu vinavyoitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya. Mwanahistoria Jan Vansina aliona kwamba nyumba za wale wa kwanza msituni zilikuwa za pembe nne, zimepangwa kwa safu. Walipofika nyika za mashariki wengi wao walianza kujenga nyumba za duara zenye paa la nyasi. Umbo likabadilika kabisa, neno likabaki. Hilo naliona kubwa. Watu hawakuwa wakitaja pembe wala duara waliposema nyumba.

Walitaja nini basi? Muulize Mgusii. Enyomba kwake ni jengo, lakini pia ni watoto wa mke mmoja ndani ya boma la mume mwenye wake wengi. Ng'ombe wa mahari walioletwa na binti wa enyomba hii wanaoza kaka wa enyomba hii, si wa ile nyingine. Philip Mayer aliandika juu ya hilo mwaka 1949, na wazee wa Kisii waliokuwa majirani zetu walikuwa wakilieleza bila kitabu. Nchini Rwanda inzu ni jengo na pia ni ukoo mdogo. Kwa Wakikuyu, Jomo Kenyatta alieleza katika kitabu chake cha 1938 kwamba mume alikuwa na thingira yake na mke alikuwa na nyũmba, na kwamba jengo jipya lilipaswa kumalizwa kwa siku moja, kabla jua halijatua. Jengo la mwanamume lina jina lake. Nyũmba ni ya mama: ndimo mna mafiga, ndimo watoto wanalala, na watoto hao wakikua wanakuwa nyũmba moja, hata jengo lenyewe likiwa limeoza na kuanguka. Kiswahili kimehifadhi chembe za maana hiyo. Unyumba ni haki ya mume na mke. Wanaume waliooa dada wawili huitana mwanyumba.

Kwa hiyo tangu kale neno lilikuwa na pande mbili, kuta na watu waliotoka kwa mama mmoja. Shika hizo pande mbili, kwa sababu Nairobi ilijengwa kwa kuzitenga.

Kabla sijafika huko, nitaje kwanza jambo moja la mawe. Washona walifupisha neno likawa imba, na wingi wake ni dzimba. Mji mkuu wa mawe uliojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15 kusini mwa Zambezi ukaitwa Zimbabwe, na maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba jina hilo ni dzimba dza mabwe, nyumba za mawe. Mabwe yao ni mawe yetu, neno moja, sisi tumeipoteza b. Hapa Nairobi wafanyakazi wa reli waliishi katika safu za nyumba zilizoitwa landi. Barabara ya Landhies imebaki na jina hilo. Zile zilizokuwa za mawe zikaitwa Landimawe. Maneno mawili ya zamani kabisa yalikutana Zimbabwe yakatoa jina la nchi. Hapa kwetu mawe yalikuja, nyumba haikuja. Nafasi yake ikachukuliwa na landi.

Mimi nilizaliwa katika landi, Muthurwa. Baba alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli. Tulikuwa na chumba kimoja, bomba lilikuwa nje, choo cha safu nzima kilikuwa mwisho wa safu. Mama alining'iniza pazia la kitenge katikati, kitanda chao upande wa dirisha, sisi watoto kwenye mkeka upande wa mlango. Kaka zangu walipobalehe walihamishiwa kwa kijana mmoja wa safu ya pili aliyekuwa peke yake, wakalala huko, wakarudi asubuhi kunywa chai. Karibu kila familia ilifanya hivyo. Mama, aliyekulia Machakos, hakuwahi kukiita kile chumba nyũmba. Alipotaja nyũmba alikuwa anamaanisha ile ya susu, bibi yetu, kule mlimani.

Chumba kile hakikuwa bahati mbaya, kilikusudiwa. Mji wa kikoloni ulimtaka mwanamume mfanyakazi, si mke wala watoto wake. Mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja, kitanda kilipimwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alitarajiwa kurudi kwao nguvu zikimwisha. Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ulijengewa mabweni ya wanaume mwaka 1929. Huko Ngara kulikuwa na mtaa ulioitwa Bachelor, na jina hilo linajieleza. Watawala walileta kuta wakakataa watu. Kamati ya F. W. Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika ilipotoa ripoti mwaka 1954, ilisema wazi kwamba mfanyakazi anastahili mshahara wa kulisha familia. Mwaka huo huo, Aprili 24, askari waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakawapeleka vizuizini au mashambani. Nyumba nyingi za Eastlands ziligawanyika asubuhi hiyo zisiunganike tena.

Lugha ilikuwa imeshaandaa neno la hali hiyo. Chumba ni mtoto wa nyumba: ondoa ny, weka kiambishi ki- cha udogo, ki-umba, ukitamka haraka ni chumba. Upande wa pili ji- ya ukubwa ikatoa jumba. Pwani, chumba kilikuwa sehemu ndani ya nyumba, kikitegemea ukumbi, ua na watu wa upande mwingine wa ukuta. Nairobi ilikiondoa ndani ya nyumba ikakisimamisha peke yake. Angalia leo mbao zilizotundikwa Kayole na Umoja: nyumba ya kupangisha, na ukifunguliwa mlango ni chumba cha futi kumi kwa kumi. Hakuna anayeona ajabu. Vijana husema keja, na wengi wao hulitoa neno hilo kwenye Kiingereza cha tundu la ndege au la mnyama. Silipendi neno hilo, lakini naelewa waliona nini. Wataalamu kadhaa wa Sheng, lugha ya vijana hao, wameandika kwamba lugha hiyo yenyewe ilikua Eastlands kwa sababu ya vyumba hivi: wazazi na watoto wakibanwa pamoja, watoto walihitaji maneno ambayo baba aliye upande wa pili wa pazia hatayashika.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo nyumba ilijengwa kwa pande zake zote mbili, na walioijenga walikuwa wanawake. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, na watu wakaruhusiwa kujijengea. Walijenga nyumba za Kiswahili, za udongo na miti, ukumbi katikati na vyumba vikitazamana. Ndiyo sababu hadi leo tunaita Majengo. Wengi wa wenye nyumba, huko na katika kijiji cha Pangani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wengi kuhamishiwa Shauri Moyo, walikuwa wanawake waliokuja Nairobi peke yao. Baadhi walipata fedha zao kwa kuuza miili. Mwanahistoria Luise White alikaa na wazee hao miaka ya 1970, akachapisha kitabu chake mwaka 1990, na jambo alilolionyesha linapaswa kufundishwa shuleni. Wanawake hao hawakuuza mwili ili wale tu, walijenga. Walisilimu, wakapata majina mapya na jamaa mpya, na wengine walipokaribia kufa walirithisha nyumba kwa wanawake wadogo waliowachagua na kuwalea, si kwa ndugu wa baba waliowaacha mashambani.

Soma hapo tena ukiwa na enyomba ya Mgusii na nyũmba ya Mkikuyu akilini. Mwanamke mmoja, mafiga yake, na watu wanaohesabiwa kuwa wake hata jengo likianguka. Wanawake wa Pumwani walitoka makabila mbalimbali, wengine hawakuweza hata kuzungumza lugha za mama zao na warithi wao. Lakini katika mji uliotaka vyumba vya wanaume, wao ndio waliofanya nyumba kwa maana ya miaka elfu nne. Walidharauliwa walipokuwa hai, na majina yao hayako kwenye mtaa wowote. Mitaa ina majina ya wanaume: Mbotela, kwa Tom Mbotela aliyeuawa Novemba 1952, Ofafa, kwa diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Wanastahili. Lakini ningependa siku moja kupita barabara ya Majengo yenye jina la mmoja wa wale mama.

Baada ya Pumwani mambo yalikwenda kwa kasi. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia, yenye bustani na ukumbi wa mikutano ambamo wanasiasa wa uhuru walipigia debe. Ofafa Maringo, Jericho na Jerusalem zikafuata. Buru Buru ilianza mwaka 1973 kwa wenye mishahara ya benki na ofisi. Dandora ilianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kama 6,000, kila kimoja na bomba na choo, mwenyewe ajenge vyumba kadiri ya uwezo wake. Wengi walijenga, wakapangisha, ploti zikazaa ploti. Leo huko Pipeline na Tassia ghorofa zimepanda hadi jua haliingii kwenye ujia, na kila mlango ni kumi kwa kumi. Serikali ilipotaka watu wajuane kwa ajili ya usalama mwaka 2013, ilichukua mpango wa Nyumba Kumi kutoka Tanzania, ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960. Mpango ulitungwa pale ambapo nyumba kumi ni mtaa mzima. Pipeline, milango kumi ni nusu ya ujia wa ghorofa moja, na mpangaji wa tatu hamjui wa saba.

Nilihamia Maringo nilipoolewa, na ndiko niliko. Nyumba zetu ni za kukodi kutoka kwa wenye mji. Kadi ya kodi ina jina moja. Lakini kwa kadi hiyo moja wamepita bibi, binti na wajukuu, kodi ikilipwa na yeyote mwenye kazi mwezi huo, na hakuna jirani aliyewahi kuona kosa. Tunaiita nyumba ya mama fulani hata mama huyo akiwa amezikwa zamani. Ni desturi ile ile ya Pumwani, na ni ile ile ya shosho zetu wote.

Walipokuja kuandikisha watu kwa ajili ya maghorofa mapya, hesabu ilikuwa kwa uniti. Jirani yangu, Mgusii, ambaye kadi yake bado ina jina la mama yake marehemu, aliulizwa mlangoni hapa pana nyumba ngapi. Ndani walikuwa yeye, wadogo zake wawili wenye watoto, na mpwa aliyeoa mwaka jana. Akajibu moja. Alijibu kweli kwa lugha yake: ni watoto wa mama mmoja, enyomba moja. Kijana mwenye fomu akaandika moja na kuendelea mlango unaofuata. Nilimfuata kijana huyo hadi kwenye kona ya kioski nikamweleza kwamba alichoandika na alichoambiwa si kitu kimoja. Alinisikiliza kwa heshima, akasema fomu haina nafasi ya jambo hilo. Jumatatu tutakwenda pamoja, mimi na jirani yangu na kadi ya mama yake, kuomba mstari huo urekebishwe usomeke familia nne.